Hotspoti ya redio ya ridhaa: uanzie wapi, na kwa nini hujibiwi

“Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi simu hapa Mwanza. Kaka yangu yuko Leicester, Uingereza, ana leseni ya redio ya ridhaa (ya kujifunza na kujiburudisha, si ya biashara) na ndiye aliyenitia hamu hii. Nimenunua redio ya mkononi ya DMR (mfumo wa sauti ya kidijitali) na hotspoti ndogo inayotumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi Zero W. Leseni nimeomba TCRA, bado haijatoka, ila rafiki yangu wa Dar es Salaam mwenye leseni amenipa namba yake ya DMR na nywila yake nianze nazo. Anasema miliwati kumi hazihitaji leseni kwa sababu kila kitu kinapita kwenye intaneti. Nikibonyeza, dashibodi inaonyesha alama ya wito ya rafiki yangu, na kiwango cha makosa asilimia 6 au 7. Nimeita sana kundi la mazungumzo la 91, hakuna anayejibu. Je, nahitaji antena kubwa juu ya paa? Bando litaisha haraka? Hii ni redio kweli, itanisaidia siku mitandao ikikatika? Na mama naye anataka kuongea na kaka kupitia hiyo.”

Marahaba, ndugu yangu. Maswali yako ni mengi lakini shina lake ni moja: umeichukulia hotspoti kama kifaa cha intaneti chenye antena. Ichukulie kinyume chake. (Kwa wasomaji wengine, hatuzungumzii ile hotspoti ya kugawiana bando la simu.) Kile kiboksi kinachoenea kiganjani ni kituo cha redio kamili. Kina kipokezi, kina kisambazaji, kina masafa yake, na lazima kiwe na mtu wa kukiwajibikia. Intaneti ni njia tu ya kukifikisha kwenye vituo vingine. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya uliyoniuliza inajijibu.

Nianze na lisilofurahisha. Weka redio chini, usibonyeze tena kitufe cha kuongelea mpaka leseni yako itoke.

Hoja ya rafiki yako imekosea sehemu mbili. Kwanza hesabu. Miliwati kumi ni nguvu ya hotspoti, si ya redio uliyoishika. Redio nyingi za mkononi za DMR hutoa kama wati 1 zikiwekwa nguvu ya chini, na kama wati 5 zikiwekwa ya juu. Kwa hiyo kila ulipobonyeza umerusha nguvu mara 100 hadi mara 500 ya hiyo unayoambiwa ni ndogo. Pili, leseni ya redio ya ridhaa haianzi kudaiwa pale wati zinapofika kiasi fulani. Inamfuata mtu anayerusha mawimbi kwenye masafa yaliyotengwa kwa wanaridhaa, awe anarusha mtaa wa pili au ng’ambo ya bahari. Kipande cha hewa kati ya kiti chako na meza yenye hotspoti ni anga ya redio kama anga nyingine yoyote, na inayosimamia anga hiyo Tanzania ni TCRA.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitambui: hata ukikaa kimya ukisikiliza tu, hotspoti inarusha. Mtu akizungumza Brazil kwenye kundi ulilojiunga nalo, seva inakuletea sauti yake kwa intaneti, na hotspoti inaitoa hewani kwenye UHF ili redio yako iipate. Kwa hiyo kusubiri leseni huku hotspoti ikiwaka siku nzima bado ni kurusha bila leseni. Ichomoe.

Na ile namba mrudishie mwenyewe. Namba ya DMR ina tarakimu saba, na tatu za mwanzo hufuata nchi: Tanzania ni 640, Kenya 639, Uganda 641, Uingereza 234 au 235. Hutolewa bure na RadioID, tovuti inayogawa namba hizo, kwa mtu aliyeonyesha leseni yake. Mtandao wa BrandMeister, ambao nadhani ndio uliojiunganisha nao, huitumia namba hiyo kujua mtu yuko wapi. Ukitumia namba ya rafiki yako, mtu atakayemwita kwa faragha ataletwa kwako Mwanza, maana huko ndiko “aliposikika” mara ya mwisho. Na kila ulichorusha kimeandikwa kwenye kumbukumbu za mtandao kwa alama yake ya wito, yeye ndiye atakayeulizwa. Najua alikusudia wema. Tuko wachache na kila mmoja wetu hufurahi akipata mwenzake mpya. Lakini mwambie abadilishe nywila, na wewe usubiri yako.

Usubiri huo si wa kukaa bure. Ofisi ya TCRA ya Kanda ya Ziwa iko hapo hapo Mwanza. Nenda ukiwa na nakala ya ombi lako, uulize limefikia wapi, na papo hapo uulize mambo mawili zaidi: kama aina ya redio uliyonunua imeidhinishwa, na leseni yako itakuruhusu masafa gani hasa kati ya megahezi 430 na 440. Ukirudi nyumbani, fungua Hoseline ya BrandMeister kwenye simu. Hapo unasikia makundi ya mazungumzo kwa intaneti tupu bila kurusha chochote, kwa hiyo halihitaji leseni. Sikiliza watu wanavyoitana, wanavyoachiana nafasi, wanavyotaja alama zao. Utaingia hewani ukiwa unaijua adabu ya mahali.

Sasa tuje kwenye ufundi, ambao kwa kazi yako hautakusumbua.

Ukisema neno kwenye redio ya DMR, sauti haiendi hewani kama ilivyo. Kwanza inapita kwenye vokoda iitwayo AMBE+2, ambayo haitumi mawimbi ya sauti yako bali maelezo yake: ukali wake, mtetemo wa koo, umbo la sauti kila sehemu ndogo ya sekunde. Maelezo hayo ni biti 2,450 tu kwa sekunde. Simu ya mezani ya kidijitali hutumia 64,000. Juu ya hizo 2,450 zinaongezwa biti 1,150 za kurekebishia makosa, jumla 3,600. Kisha redio inazituma kwa vipande vya milisekunde 30, inanyamaza milisekunde 30, inatuma tena. Nafasi hizo mbili za kupokezana ndizo zinazoitwa sloti, na kwa njia hiyo watu wawili wanaweza kushiriki upana mmoja wa kilohezi 12.5 bila kugongana.

Kipande chenyewe kinarushwa kwa kuyumbisha masafa kwenye ngazi nne. Mbili ziko karibu na katikati, hezi 648 juu na 648 chini. Mbili ziko mbali, hezi 1,944 juu na 1,944 chini. Kila ngazi inabeba biti mbili, na zinabadilika mara 4,800 kwa sekunde. Kipokezi kinachofanya ni kuuliza mara 4,800 kila sekunde: hii ni ngazi ipi kati ya nne?

Hapo ndipo ile asilimia 6 yako inapoingia. Ngazi mbili jirani zimeachana hezi 1,296, kwa hiyo mpaka kati yao uko hezi 648 tu kutoka kila upande. Hotspoti nyingi za bei nafuu zinatumia chipu ya ADF7021 pamoja na kristali ndogo inayoiongoza. Kristali hiyo ikikosea sehemu moja tu katika milioni, kwenye megahezi 438 inakuwa imekosea hezi 438. Umeshakula theluthi mbili ya nafasi uliyokuwa nayo. Ikikosea sehemu mbili, umevuka mpaka. Chipu inajaribu kujirekebisha, na zile biti za ziada zinaokoa nyingine, lakini kiwango cha makosa kinapanda, na huko ng’ambo sauti yako inafika imevunjika-vunjika, kama roboti anayezama. Mtu akisikia hivyo hajibu. Si kwamba anakudharau, hajaelewa nani kaita.

Tiba yake ni ndogo. Leseni ikishatoka na ukishaweka namba yako mwenyewe, ingia kwenye mipangilio ya juu ya Pi-Star au WPSD (programu inayoendesha hotspoti), tafuta sehemu ya modemu, utakuta vitu viwili: RXOffset, ya kusahihisha masafa ya kupokea, na TXOffset, ya kusahihisha ya kurusha. Angalia kwanza kama kwenye ubao wa hotspoti pamebandikwa karatasi yenye namba. Baadhi ya watengenezaji wamekupimia. Kama haipo, weka redio kwenye nguvu ya chini kabisa, simama mita mbili au tatu kutoka kwenye hotspoti, chagua kundi lisilo na watu (jaribio la mwangwi nitakueleza hapa chini), bonyeza, taja alama yako, hesabu moja hadi kumi, achia. Soma asilimia. Ongeza RXOffset kwa 100, rudia. Ikiwa makosa yamepanda, geuka upande wa pili, uende kwenye hasi. Utafika mahali yanashuka chini ya asilimia 1, na ukiendelea yanaanza kupanda tena. Simama katikati ya bonde hilo. Kisha andika namba hiyo hiyo kwenye TXOffset. Sababu ni kwamba dashibodi inakuonyesha makosa ya redio kwenda hotspoti tu, upande wa kurudi huuoni, lakini kristali ni ile ile moja, kwa hiyo kosa lake ni lile lile.

Zile mita mbili au tatu usizipuuze. Ukiwa na redio ya wati 5 sentimita 30 kutoka kwenye hotspoti, unaiziba masikio, na asilimia inapanda hata kama kristali iko sawa kabisa. Nimeona watu wakizungusha namba usiku kucha huku ugonjwa ulikuwa ukaribu.

Asilimia ikishuka na bado hujibiwi, usibadilishe vitu ovyo. Njia ya sauti yako ina hatua tatu, na kila hatua ina ushahidi wake. Hatua ya kwanza ni redio hadi hotspoti: ukibonyeza na dashibodi ikaandika alama yako, hatua hiyo imepita. Kwako ilipita, kwa kuchechemea. Isipopita, kagua masafa, kagua kodi ya rangi (namba ambayo redio na hotspoti lazima zifanane, kwa kawaida ni 1 pande zote mbili), kagua sloti, ambayo kwa hotspoti ya antena moja weka ya 2. Hatua ya pili ni hotspoti hadi seva: fungua ukurasa wa BrandMeister unaoonyesha waliosikika karibuni, jitafute. Usipojiona, tatizo ni nywila ya usalama wa hotspoti, ambayo lazima ifanane na ile uliyoiweka kwenye akaunti yako ya BrandMeister, au ni Wi-Fi. Na hapa nikuonye kwa sababu wewe ni fundi simu na utatumia simu kuipa hotspoti intaneti: Raspberry Pi Zero W inaona Wi-Fi ya gigahezi 2.4 peke yake. Simu ikiwa imewekwa kwenye gigahezi 5, Pi haitaiona kamwe, na utadhani imekufa.

Hatua ya tatu ni ya kurudi: seva hadi sikio lako. Hapa kuna jaribio bora kuliko yote. Ita 9990 kwa wito wa faragha, sema sentensi moja, achia. Hiyo ni kasuku ya BrandMeister, ndilo jaribio la mwangwi nililokuahidi. Inarekodi sauti yako na kukurudishia. Ukijisikia vizuri, vifaa vyako vyote ni vizima na kilichobaki ni kupata mtu wa kuzungumza naye. Ikiwa kasuku unamsikia, lakini kwenye kundi dashibodi inaonyesha mtu anaongea na redio imekaa kimya, mara nyingi kosa liko kwenye kodiplagi, yaani faili la mipangilio ya redio: hujaweka kundi hilo kwenye orodha ya makundi ya kupokea, kwa hiyo redio inaisikia data na kuamua haikuhusu.

Kuhusu kundi la 91 lenyewe. Hilo ni la dunia nzima, na ni gumu kwa mgeni. Watu wanapishana haraka, kila mmoja ana kituo anachokilenga, na mwenye sauti mbovu anapitwa. Tena hotspoti yako, kwa kuwa inatumia masafa mamoja kwa kusikia na kurusha, haiwezi kukusikia wakati inakurushia sauti ya mtu mwingine. Ukibonyeza katikati ya maneno ya mwenzako, umeongea na ukuta. Subiri anyamaze, hesabu sekunde mbili, bonyeza, subiri kidogo redio iunganishe, ndipo useme. Waanzao kusema papo hapo wanakatwa alama yao ya wito, na alama ndiyo anayoihitaji msikilizaji. Mimi nisingeanzia 91. Patana na kaka yako saa maalumu na kundi tulivu, mkutane hapo. Yeye atakwambia kwa ukweli sauti yako ikoje, na ushauri wa mtu mmoja unayemwamini utakufaa kuliko kuwaita wageni mia.

Bando ni wasiwasi ambao unaweza kuuacha leo. Tupige hesabu pamoja. Sauti husafiri kwa pakiti, moja kila milisekunde 60, yaani karibu 17 kwa sekunde, na kila moja ikiwa na bahasha zake zote ni kama baiti 83. Hiyo inakuja chini kidogo ya baiti 1,400 kwa sekunde, na kwa saa nzima ya maneno yasiyokatika ni megabaiti 5 hivi. Video moja fupi ya WhatsApp inaweza kuzidi hapo. Kinachokula bando ni kusasisha programu ya hotspoti, basi kufanye ukiwa na Wi-Fi ya mtu. Pia hutahitaji kufungua milango yoyote kwenye ruta, kwa sababu hotspoti ndiyo inayoanza kuongea na seva, hivyo hata intaneti ya laini ya simu inatosha.

Antena ya juu ya paa? Hapana, si kwa hotspoti. Ile ndogo ya kidole inatosha nyumba na uwanja wake, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Ukiipandisha juu utaeneza mawimbi yako mtaani bila faida yoyote, maana unayezungumza naye hayupo mtaani. Kilicho muhimu zaidi ni kuchagua masafa kwa busara ndani ya yale uliyoruhusiwa. Epuka megahezi 435 hadi 438, ambazo ni za satelaiti za wanaridhaa, na kelele ndogo yako inaweza kumfunika mtu anayesikiliza ishara dhaifu kutoka angani. Epuka pia 433.05 hadi 434.79, maana hapo pamejaa rimoti za magari na mageti. Kabla ya kutulia mahali, sikiliza kwanza.

Na umeme. Hotspoti ni kompyuta yenye kadi ya memori, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, hasa wakati wa kusasisha, kadi inaweza kuharibika. Iwashe kwa pawabanki, izime kwa amri yake badala ya kuchomoa, na ukishamaliza kupanga kila kitu, hifadhi nakala ya mipangilio kwenye simu yako. Badilisha pia nywila iliyokuja nayo. Kwenye Pi-Star ni neno “raspberry”, na dunia nzima inalijua.

Sasa swali lako zito: je, hii ni redio kweli, na itakusaidia mitandao ikikatika?

Ni redio kweli. Ila siku intaneti ikikatika, hotspoti inakufa nayo siku hiyo hiyo. Tafadhali usimwahidi mtu, hasa mvuvi au mtu wa kisiwani, kwamba una mawasiliano ya dharura kwa sababu una hotspoti. Kitakachobaki hai ni ile redio ya mkononi peke yake, ikizungumza moja kwa moja na redio nyingine bila kitu katikati. Mwanza mna bahati ya vilima na ziwa. Mtu akiwa juu ya mawe na mwenzake akiwa mahali pasipozibwa, wati 5 zinafika mbali kuliko unavyodhani. Jaribuni hilo na wanaridhaa wenzako siku ya jua, mjue mipaka yake kabla ya siku ya shida.

Kwa umbali mkubwa bila intaneti, kuna masafa ya HF, yaani mawimbi mafupi. Waya wenye urefu wa mita 20 hivi, uliotundikwa kati ya miti miwili, unakupa bendi ya mita 40, ambayo mchana hubeba sauti mamia ya kilomita. Waya wa mita 10 unakupa bendi ya mita 20, na hiyo, anga ikiwa nzuri, inafika Uingereza. Redio yake ni ghali kuliko ulichonunua, hilo sikufichi.

Lakini kwa mtu wa Afrika Mashariki mwenye ndugu Uingereza kuna njia ambayo mimi naipenda kuliko zote, na nashangaa haizungumzwi zaidi. Kuna satelaiti iitwayo QO-100, chombo cha wanaridhaa kilichopakiwa ndani ya satelaiti ya Qatar, Es’hail-2, iliyorushwa mwaka 2018. Imesimama mahali pamoja juu ya nyuzi 25.9 mashariki, saa 24. Kwa kaka yako huko Leicester iko chini angani, upande wa kusini-mashariki. Kwako Mwanza iko karibu utosini. Nyote wawili mnaiona kwa wakati mmoja, kila siku, bila seva ya mtu yeyote na bila bando. Unarusha kwenye gigahezi 2.4, inakurudishia kwenye gigahezi 10.489, kwa sauti ya SSB, namna ya kurusha sauti isiyo ya kidijitali. DMR haimo, na kifaa cha kurushia kinataka ujuzi na pesa, kwa hiyo si hatua ya kwanza. Kusikiliza, hata hivyo, unaweza kuanza bila kurusha chochote: dishi la kawaida la televisheni, LNB yake (kile kipokezi cha mbele ya dishi), na kidude cha SDR, redio inayoendeshwa na programu, cha kuchomeka kwenye kompyuta. Kwako dishi litalala likiangalia juu, litajaza maji ya mvua. Toboa tundu dogo sehemu ya chini.

Basi, ukiniuliza hotspoti ilikuwa ununuzi mbaya, nitasema hapana. Kwa mahali pasipo na ripita ya kidijitali (kituo kinachopokea mawimbi na kuyarusha upya) ni mlango wa bei nafuu, unakufundisha mitandao, kodiplagi na adabu ya hewani. Kama ungekuwa hujanunua chochote, ningekwambia baada ya leseni ujaribu kwanza EchoLink kwenye simu, programu ya wanaridhaa kuongea kwa intaneti, ambayo haihitaji kifaa kingine hata kimoja, uone kama mazungumzo haya yanakuvutia. Ukiona baada ya mwaka mmoja kwamba redio yako haijawahi kuongea na mtu bila kupitia hotspoti, hapo ndipo ningeanza kukuhimiza ununue waya.

Kuhusu mama. Swali lake limenigusa, na natamani ningekuwa na jibu jingine. Kanuni za kimataifa za redio zinasema kituo cha ridhaa kisitumike kupeleka mawasiliano ya nchi moja hadi nyingine kwa niaba ya mtu asiye na leseni, isipokuwa wakati wa dharura au msaada wa maafa, ingawa kila nchi ina mamlaka ya kuamua itakavyolitumia sharti hilo. Kwa hiyo uliza TCRA inasemaje, na kaka aulize mamlaka ya huko kwake. Mpaka hapo usimpe mama kitufe. Mazungumzo ya mama na mwanawe yapitie WhatsApp, ambako pia yatakuwa siri yao. Hewani hakuna siri: kanuni hizo hizo zinakataza kuficha maana ya ujumbe unaokwenda nchi nyingine, hivyo ile menyu ya usimbaji kwenye redio yako iache imezimwa.

Mambo machache usiyafanye peke yako. Ukizungusha RXOffset kutoka hasi 1,500 hadi chanya 1,500 na makosa hayashuki, huenda redio yenyewe ndiyo imehama masafa, na hilo linapimwa kwa mashine. Mtafute fundi wa redio za mawasiliano, wale wanaohudumia redio za walinzi na boti. Betri ya redio ikivimba, itoe na usiichaji tena. Na siku utakayotaka kupandisha waya au antena juu ya nyumba iliyo karibu na nyaya za umeme, usipande bila mtu anayeijua kazi hiyo.

Rafiki yako wa Dar es Salaam bado anaweza kukusaidia, na kwa njia halali kabisa. Leseni ikichelewa na ukapata safari ya huko, beba redio, hotspoti, kebo ya kupangia na kodiplagi yako kwenye flashi. Ipangeni hotspoti kwa namba yake, abonyeze yeye, wewe usome dashibodi na kuzungusha namba. Mtajua kristali yako imekosea hezi ngapi, uiandike kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya boksi, na mkimaliza ufute namba yake na nywila kabla hujaondoka.